Paka, makochi na mti uliokosekana sebuleni

Wiki hii naomba tuyaweke kando mambo ya bei ya sukari na foleni za magari, tuingie sebuleni, tuzungumze juu ya paka na makochi. Najua wapo watakaosema kwamba mtu huyu leo amekosa la kuzungumza. Nawaomba wanivumilie kidogo, kwa sababu jambo hili, dogo kama linavyoonekana, limevuruga utulivu wa nyumba nyingi za mjini, na limewafanya watu waungwana kabisa watende mambo ambayo wangeona haya kuyatenda mchana.

Makochi si kitu cha mchezo. Kwa mtu wa mshahara, seti ya makochi ni upatu wa mwaka mzima. Ni safari tatu nne za kwenda Keko kumkumbusha fundi ahadi yake, na ni gari la kukodi la kuyaleta nyumbani huku majirani wakitazama. Mama mwenye nyumba huyafunika kwa vitambaa vya kufuma kwa mkono, watoto hukatazwa kuyapanda na miguu ya vumbi, na mgeni wa heshima ndiye anayekaribishwa kuyakalia. Halafu asubuhi moja paka anaamka, anapiga miayo, anausogelea mkono wa kochi, anasimama kwa miguu ya nyuma na kuanza kazi: kwaru, kwaru, kwaru. Baada ya wiki mbili nyuzi zinaning'inia kama ndevu za beberu, na sifongo ya ndani imeanza kuchungulia.

Hapo ndipo hukumu inapotolewa, na hukumu yenyewe ni ile ile karibu kila mtaa. Paka anatiwa ndani ya gunia, anapakiwa kwenye gari usiku, anakwenda kuachwa sokoni. Ati huko kuna matumbo ya samaki, hatakufa njaa. Paka wa watu, aliyezaliwa chini ya kitanda na kulelewa juu ya mto, anafunguliwa katikati ya mashume wa sokoni ambao kila mmoja ana sikio lililochanika na eneo lake analolilinda. Hajui kupigana, hajui magari, hajui mbwa. Anayemtupa anakwenda zake bila kutazama nyuma, na kesho watoto wakiuliza paka yuko wapi, wanaambiwa ametoroka.

Na nyumbani mambo hayaishii hapo. Paka akiondoka, panya hutawala, na wala hachukui muda. Unga unatobolewa, nguo za kabatini zinatafunwa, nyaya za umeme darini zinaguguniwa. Basi mwenye nyumba anakwenda kununua sumu kwa mchuuzi wa njiani, ile inayofungwa kwenye kikaratasi kisichokuwa na jina wala maelezo, anaiweka chini ya kabati katika nyumba ambayo ina mtoto anayetambaa. Hebu tufanye hesabu hiyo pamoja. Kochi limepona, lakini sumu sasa iko sakafuni, sehemu ile ile ambayo mtoto anaokota kila kitu na kukitia mdomoni. Mimi naona tumelipa ghali mno, na tena tumelipa kwa ajili ya tatizo ambalo dawa yake ni kipande cha mti na kamba.

Lakini kabla ya kufika kwenye mti na kamba, inafaa tujue kwa nini paka anafanya anavyofanya. Watu wengi wanadhani ni ukorofi. Wengine wanaapa kwamba paka wao analipiza kisasi: jana alinyimwa samaki, leo kararua kochi. La hasha. Paka hana daftari la madeni. Anakwaruza kwa sababu ana kucha, na kucha zile zinahitaji kutunzwa.

Paka wa kawaida ana kucha 18, tano katika kila mguu wa mbele na nne katika kila mguu wa nyuma. Mbwa hutembea kucha zake zikigusa ardhi, ndiyo maana unamsikia akipita kwenye sakafu ya saruji, na ndiyo maana kucha zake ni butu. Paka huzikunja zake ndani ya vidole, kama mtu anayerudisha kisu alani, na huzitoa pale anapozihitaji tu. Kwa hiyo hazisagiki kwa kutembea. Tena ukucha wa paka hukua kwa matabaka, jipya chini na kuukuu juu, mfano wa maganda ya kitunguu. Tabaka la juu likishachoka halina budi livuliwe ili lile kali la chini lijitokeze. Paka anapokwaruza ndipo anapolivua. Ukipekua chini ya kochi lililoliwa utaokota vimaganda vyembamba vilivyopinda kama mwezi mchanga. Usidhani paka ameng'oka kucha. Amevua nguo ya zamani.

Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kujinyoosha. Mwangalie vizuri paka anayekwaruza: mgongo umenyooka, mabega yamevutwa, uzito wote umening'inia kwenye miguu ya mbele. Ni mazoezi ya viungo, na ndiyo maana mara nyingi hukwaruza pale anapoamka tu. Tafadhali lishike hilo, tutalihitaji mbele.

Sababu ya tatu ndiyo ambayo watu wengi hawaijui, nayo ni kubwa kuliko zote katika kesi hii ya makochi. Chini ya nyayo za paka, katikati ya vidole, mna vitezi vinavyotoa harufu. Pua yangu na yako haziipati, lakini pua ya paka inaipata barabara. Kila anapokwaruza anaacha alama mbili kwa pamoja: mikwaruzo inayoonekana kwa macho, na harufu inayosomeka kwa pua. Ni sahihi yake na muhuri wake. Anasema: hapa anakaa fulani. Sasa, nani anayebandika tangazo lake nyuma ya choo? Tangazo hubandikwa njia panda, penye watu. Ndiyo maana paka haendi kukwaruza ubao uliotupwa stoo, bali huuchagua mkono wa kochi lililo karibu na mlango, pale familia nzima inapopita na kukaa. Na ndiyo maana akishaanza mahali fulani hurudi pale pale, kwa kuwa harufu inafifia na tangazo linahitaji kuandikwa upya. Akitokea paka mgeni dirishani, basi huandika kwa bidii zaidi.

Mambo haya hakufundishwa na mtu. Waliokwenda Serengeti wameona miti ambayo magome yake yamechanwa na simba na chui, na sababu zao ni hizi hizi. Paka wetu wa nyumbani asili yake ni yule paka pori mwenye rangi ya mchanga ambaye hadi leo anaishi katika mapori ya Tanzania na Kenya, ingawa waliomfuga kwanza walikuwa wakulima wa Mashariki ya Kati, kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, pale walipoanza kuweka nafaka ghalani na panya wakaja kula, na paka wakawafuata panya. Katika kisiwa cha Cyprus wataalamu wa mambo ya kale walifukua kaburi la mtu aliyezikwa karibu na paka wake miaka ipatayo 9,500 iliyopita. Taarifa ya kaburi hilo ilitolewa mwaka 2004. Muda wote huo paka amekuwa akikaa na watu, na muda wote huo amekuwa na mti wake wa kukwaruza.

Hilo ndilo neno ninalotaka tulizingatie. Katika nyumba za zamani kulikuwa na ua, na katika ua kulikuwa na mwembe, au mnazi, au japo nguzo ya banda la kuku. Paka alitoka, akakwaruza mti wake, akarudi ndani akalala. Hakuna aliyemtazama na hakuna aliyempigia kelele. Kisha sisi tukahamia ghorofani. Ua umekuwa maegesho ya magari, mwembe umekatwa, mlango una kitasa, dirisha lina nondo. Paka tumemchukua lakini mti wake tumeuacha. Akitazama huku na huku katika sebule yetu, kitu pekee kilichosimama imara, kirefu kuliko yeye, chenye nyuzi zinazoshika kucha, ni kochi. Kwetu sisi ni kochi, kwake ni mti wa kitambaa.

Sasa tuje kwenye dawa, na naomba nianze na zile zisizofaa, maana ndizo zinazotumika zaidi.

Ya kwanza ni fimbo, pamoja na ndugu zake, ambao ni kandambili ya kurusha na maji ya kumwagia. Paka hajifunzi kwa kipigo kama unavyodhani. Anachojifunza ni kwamba wewe ni mtu wa hatari, na kwamba wakati mzuri wa kukwaruza ni pale ambapo haupo. Ndipo utasikia mtu akilalamika: "Paka huyu mnafiki, nikiwapo ametulia kama mtakatifu, nikitoka tu anaanza." Hakuna unafiki hapo, ni mafunzo uliyompa mwenyewe. Tena paka aliyejaa hofu huongeza kuweka alama, maana anajiona hana usalama katika nyumba yake. Kwa hiyo fimbo huzidisha ugonjwa uliokusudia kuutibu.

Ya pili ni vitu vya kupaka. Nimesikia ya pilipili, ya mafuta ya taa, ya dawa za kusafishia choo, na ya vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo. Hapa sina utani. Paka hujisafisha kwa ulimi siku nzima. Chochote kitakachogusa nyayo zake na manyoya yake kitaingia tumboni. Mafuta ya taa ni sumu kwake. Vidonge vya naftalini ni sumu kwake. Zile dawa za kuua vijidudu ambazo ukizitia majini maji yanageuka meupe kama maziwa ni mbaya sana kwa paka, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuzivunja kama la binadamu. Pilipili itamwingia machoni anapojisafisha uso, na itamwingia mtoto wako vilevile anapolala kwenye kochi hilo. Maganda ya machungwa au ya ndimu, yale mabichi, hayana ubaya mkubwa ukiyaweka karibu, na paka wengi hawaipendi harufu yake. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye maganda hayo ni habari nyingine, hayo usiyatumie kabisa. Lakini hata hayo maganda yenyewe yatamfukuza kwenye kochi la kulia tu, akahamia la kushoto.

Ya tatu ni ya kung'oa kucha. Msikilizaji mmoja ameniandikia kwamba ndugu yake anayeishi Marekani amemwambia huko paka huondolewa kucha hospitalini na mambo yakaisha. Anauliza kama daktari wa mifugo wa hapa anaweza kufanya hivyo. Swali ni la haki, nami nitalijibu bila kuzunguka. Ukucha wa paka haukai juu ya ngozi kama wako. Umeota kutoka kwenye mfupa wa mwisho wa kidole. Kuuondoa usiote tena maana yake ni kuukata mfupa huo, kidole kwa kidole, miguu yote miwili ya mbele, mara 10. Utazame mkono wako sasa hivi, uhesabu kutoka ncha ya kidole hadi kiungo cha kwanza. Hicho ndicho kinachokatwa. Paka wengine hubaki na maumivu, wengine huacha kuingia kwenye sanduku la mchanga kwa kuwa mchanga unawachoma, na wengine, wakishaona silaha imechukuliwa, huanza kung'ata. Mkataba wa Ulaya wa kulinda wanyama wanaofugwa nyumbani, wa mwaka 1987, unakataza jambo hilo, na Uingereza haliruhusiwi ila kwa sababu ya matibabu. Huko huko Marekani, jimbo la New York lililipiga marufuku mwaka 2019, likawa jimbo la kwanza kufanya hivyo. Hapa kwetu Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili, na wenzetu wa Kenya wana yao. Lakini hata kama pasingekuwa na sheria yoyote, fikiria paka asiye na kucha anayekutana na mbwa wa mtaani. Atapanda ukuta kwa kutumia nini?

Basi dawa ni ipi? Dawa ni kumrudishia mti wake. Wala usicheke. Jirani yangu mmoja, mzee mstaafu, alipoona mkono wa kochi lake umeanza kuliwa, alikwenda kwa watu waliokuwa wakikata mnazi, akaomba kipande cha gogo, akakisimamisha pembeni mwa lile kochi. Mkewe alinung'unika mwezi mzima kwamba sebule imegeuka shamba. Nilipokwenda kumwamkia nikamwuliza, "Shikamoo mzee, hili gogo nalo ni pambo?" Akaniambia, "Marahaba mwanangu. Hilo ni kochi la paka. Kila mtu hapa ana lake." Gogo limechakaa kweli kweli, na makochi ya yule mzee hayajaongezewa uzi uliochomoka.

Asiyepata gogo la mnazi atengeneze nguzo. Tafuta boriti nene au kipande cha mti mgumu chenye urefu wa mita moja hivi. Usipunguze sana, kwani paka mzima akisimama na kujinyoosha anahitaji nguzo inayompita, na nguzo fupi ya kununuliwa dukani aghalabu humshinda kwa sababu hiyo. Kigongomee chini ubao mzito wa mraba wa nusu mita kila upande. Uzito huo ni muhimu kuliko uzuri. Nguzo ikiyumba siku ya kwanza, au ikimwangukia, paka hataigusa tena, na ukimwambia ni zawadi yake hatakuamini. Mwenye nafasi aifunge ukutani kwa skrubu, awe na amani.

Halafu nguzo hiyo uizungushie kamba ya katani, duara juu ya duara, ikiwa imekazwa sana, na ncha zipigiliwe misumari midogo iliyozama isije ikamchoma. Kama nguzo ina upana wa sentimita 10 na kamba ina unene wa sentimita moja, basi kufunika sentimita 80 utahitaji mizunguko 80, na kila mzunguko unakula karibu sentimita 35, kwa hiyo jumla ni mita 28. Nunua mita 30 katika duka la vifaa vya ujenzi. Inuse kwanza. Ikinuka mafuta ya mashine, tafuta nyingine. Kamba ya nailoni usiitumie, inateleza na haivuliki.

Hapa naomba nichepuke kidogo. Katani hiyo, ambayo wenzetu wa Ulaya na Marekani huwanunulia paka wao ikiwa imeshafungwa kwenye nguzo za kupendeza, ni zao ambalo lilijenga mkoa wa Tanga. Ililetwa na mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dakta Richard Hindorf, mwaka 1893. Asili yake ni Mexico, yeye aliipata Florida, na miche iliyonusurika safari ile ndefu ikafika mzima ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yalizuka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuongoza ulimwenguni, hata uzalishaji ukapita tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla nyuzi za plastiki hazijaiangusha bei. Leo mtu wa Dar es Salaam au Mombasa ananiambia hana kitu cha kumpa paka akwaruze, na Tanga iko pale pale. Ni ajabu kidogo.

Turudi sebuleni. Nguzo ikishakuwa tayari, kosa linalofanywa na watu wengi ni kuificha nyuma ya mlango au kuipeleka varandani kwa sababu haipendezi. Kumbuka tulivyosema juu ya tangazo na njia panda. Iweke bega kwa bega na ule mkono wa kochi ulioliwa, au mahali paka anapolala, ili akiamka na kutaka kujinyoosha iwe ndiyo ya kwanza mbele yake. Akishaizoea, baada ya wiki kadhaa, unaweza kuisogeza taratibu kuelekea unapotaka, kiasi cha upana wa kiganja kwa siku. Ukiihamisha ghafla mita tatu, kesho utamkuta kwenye kochi.

Usimshike miguu na kumkwaruzisha kwa nguvu. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, na paka huichukia nguzo hiyo maisha. Afadhali utumie dagaa. Weka dagaa mkavu mmoja mkononi, na mara tu paka anapoigusa nguzo kwa kucha zake, mpe hapo hapo, papo kwa papo. Ukichelewa dakika moja hataunganisha mambo hayo mawili. Unaweza pia kuburura uzi juu ya nguzo ili aurukie, naye kwa kuurukia atazamisha kucha kwenye katani na kuionja. Wapo paka wasiopenda kusimama, wanaokwaruza zulia au mkeka. Hao wape jamvi gumu au kipande cha gunia kilichogongomewa kwenye ubao, ukakilaza sakafuni. Mchunguze paka wako kwanza ujue ni wa wima au wa kulala, usije ukajenga mnara kwa mtu anayetaka kitanda.

Wakati huo huo kochi lenyewe liwekewe kinga. Lioshe pale palipokwaruzwa kwa maji na sabuni ili ile harufu ya muhuri ipungue, kisha lifunike kwa nailoni nene au shuka lililokazwa na kupachikwa pini chini. Khanga iliyolegea haifai, itamkaribisha. Kucha zikiteleza, raha inaisha. Wapo watu ambao huleta makochi mapya na kuyaacha ndani ya nailoni ya dukani miaka mitano, mgeni akikaa kwa kaptula ananata. Nimewasema sana watu hao huko nyuma, lakini kwa habari ya paka lazima nikiri kwamba makochi yao yako salama. Kwa wewe usiyetaka kunata, mwezi mmoja au miwili inatosha, na usiivue nailoni hadi uone nguzo imeanza kuchakaa.

Na ikichakaa, tafadhali, mtu yeyote asiitupe. Huyu ni adui wa ndani ambaye sijamtaja bado: msafi wa nyumba. Anaona katani imechanika, anaona aibu ya wageni, anaiondoa na kuleta mpya inayong'aa. Kwa paka, amefuta jina lake kwenye mlango. Hiyo iliyochanika ndiyo anayoipenda. Katani ikiisha kabisa sehemu moja, zungushia mpya hapo tu, na nyingine iache.

Kucha nazo zinaweza kupunguzwa makali, hasa kwa paka asiyetoka nje. Mfunge kwa taulo kama mtoto mchanga, minya kidole polepole ukucha utoke, uutazame kwenye mwanga. Ndani utaona sehemu ya waridi, hiyo ina damu na maumivu, usiikaribie. Kata ile ncha nyeupe tu, kiasi cha milimita moja au mbili, kwa kikata kucha cha kawaida, si kwa wembe. Ikitokea damu, bonyeza ukucha kwenye unga laini wa mahindi, utakatika. Sio lazima umalize kucha zote siku hiyo, mguu mmoja leo na mwingine kesho si vibaya, na kila baada ya wiki mbili tatu unarudia. Paka anayezunguka nje mwachie kucha zake, anazihitaji. Na paka wako awe amechanjwa kichaa cha mbwa, ambacho jina lake linadanganya, kwani paka naye hukipata. Ukikwaruzwa au kung'atwa na paka usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa wale ambao bado hawajanunua makochi, nina neno la kuwaambia kabla hawajakwenda kwa fundi. Fundi atakuuliza rangi. Wewe muulize kitambaa. Pitisha ukucha wako mwenyewe juu ya sampuli, polepole. Ukishikwa na nyuzi, wa paka nao utashikwa, na hicho ndicho kitambaa anachokiota. Kitambaa kilichofumwa kwa kubana, au velveti fupi, paka wengi hukiona hakina utamu. Ngozi halisi ni ya fahari, ila mkwaruzo mmoja juu yake hauondoki.

Wazee walisema paka wa nyumba haingwa, hafukuzwi kama ndege wa shambani. Mwenye paka wawili atengeneze nguzo mbili, kila moja na sehemu yake, la sivyo mmoja ataizuia na mwingine atarudi kwenye kochi. Paka mtoto hujifunza kwa siku chache, maana huanza kukwaruza akiwa na wiki chache tu za kuzaliwa na bado hajachagua mahali. Mkubwa aliyezoea kochi miaka mitatu mpe mwezi au zaidi, na dagaa wa kutosha.

Walioniuliza juu ya paka anayekojoa kwenye mapazia, maswali yenu nimeyapata. Hilo lina sababu zake nyingine kabisa, na nyingine ni za ugonjwa. Tutalizungumza wiki ijayo.